Kidole Kilikuwa Wapi

Daktari alipomwambia Arvid Niskala kwamba saratani imeondoka yote, Arvid alijibu "vizuri," kisha akauliza choo kiko upande gani. Mkewe Irja, aliyekaa kando yake na mkoba mapajani, alilia kwa niaba ya wote wawili. Tangu siku hiyo ndivyo walivyogawana kazi nyumbani: Irja kulia, Irja kucheka, Irja kugombana na watu wa bima kwenye simu, na Arvid kusema vizuri.

Dawa zilizomponya zilimwachia ganzi vidoleni. Mwanzoni alidhani ni baridi, maana kule kaskazini mwa Michigan baridi hulaumiwa kwa kila kitu, kuanzia mafua hadi talaka. Lakini majira ya joto yalikuja yakapita, na vidole vikabaki vilevile, utadhani ni vya kuazima. Vifungo vya shati alivifunga kwa kuvitazama. Kikombe cha kahawa alikikazia macho asije akakiachia bila kujua. Na ganzi haikuishia mikononi, ingawa hilo hakumwambia daktari. Binti yao alipiga simu kutoka Duluth kusema kwamba hatimaye ana mimba, baada ya kungoja hadi kukata tamaa, na Arvid akaisikia habari ile kama mtu anayesikia redio ya jirani. Alijua kwamba ni furaha. Haikumfika tu.

Kitu kimoja alikuwa bado anakitaka, au alikumbuka kwamba anakitaka, na kwa hali yake wakati ule hayo mawili yalikuwa mamoja. Alitaka kurudi kwenye njia yake ya mitego. Baba yake ndiye aliyeifungua, ikianzia nyuma ya nyumba, ikivuka kijito, ikipenya kwenye misonobari michanga hadi bwawani. Arvid aliirithi pamoja na ghala na ubishi. Kila msimu aliipita asubuhi akitafuta mbweha na rakuni, na siku ambazo Irja hakuwa na kazi kanisani, alimfuata. Alimfuata nyuma, kwa sababu mtu anayebeba silaha ndiye hutangulia. Hakuna anayetembea mbele ya mtutu, awe mke, mchungaji au gavana. Irja alirudi nyumbani na michubuko ya matawi mashavuni, na jioni wakiwa sauna, kijumba chao cha kuogea mvuke, Arvid alimtania kwamba ameoa mwanamke asiye na macho ya msituni. Irja alimwaga maji kwenye mawe ya moto.

Sasa sheria ya mitego kwa watu wale ni moja na haina msamaha: mnyama ukimkuta hai, humwachi ateseke. Ndiyo maana mtegaji hubeba bastola ndogo kiunoni, ile ya silinda inayozunguka, inayokula risasi nyembamba za kipimo cha ishirini na mbili. Bunduki ndefu ni mzigo kwa mtu mwenye gunia begani, na bastola kubwa huharibu ngozi ya mnyama na masikio ya mwenyewe. Tena kijibastola kile hufaa siku za uvivu, kwa kupiga makopo matupu juu ya gogo, na hakuna mtu wa huko anayekiri kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya kukinunua.

Tatizo ni kwamba hizo za risasi ndogo zina kifyatulio kigumu. Risasi yenyewe huwaka ikigongwa kwenye ukingo wa kitako chake, na isipogongwa kwa nguvu haiwaki, kwa hiyo springi huwa kali. Mwezi wa Septemba Arvid aliichukua bastola yake ya siku zote, akahakikisha ni tupu, akajaribu kuivuta ghalani. Hakuweza kujua kama anavuta au havuti. Irja alimkuta amesimama pale akikitazama kidole chake kama mtu anayengoja basi.

"Nenda dukani kwa Denny ukachague nyingine unayoimudu," Irja alisema. "Ukiikosa, mitego inaning'inia humu ghalani na mjadala umekwisha. Sikukuuguza mwaka mzima, mzee wangu, ili uje unichoshe kwa mbweha."

"Vizuri," Arvid alisema.

"Na hiyo 'vizuri' yako, iko siku nitaikaanga nikulishe."

Wakaenda Jumamosi, majani ya miti yakiwa yameshageuka rangi. Irja alibaki garini. Duka la Denny, alisema, linanuka mafuta ya bunduki na wanaume wasiooga. Alikuwa na pasti mbili za nyama na viazi juu ya dashibodi, pale hewa ya moto inapotokea, na kitambaa cha kufuma mkononi. Aliteremsha kioo kidogo apate hewa.

Denny Pelkola alikuwa pande la mtu, ndevu hadi kifuani, na alikuwa akiuza silaha tangu baba yake alipomwachia duka. Lakini Arvid alipoingia, Denny alivua kofia. Ilimpasa. Kwa miaka isiyohesabika Arvid ndiye aliyefundisha usalama wa uwindaji kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, na hapakuwa na mtoto wa wilaya ile aliyeingia msituni na bunduki bila kupita mikononi mwake. Somo la kwanza lilikuwa kidole. Kidole hukaa nje, kimenyooka ubavuni mwa silaha, hadi umeshaamua kupiga. Aliyeingiza kidole mapema alianguka mtihani, akarudi mwakani, hata akiwa mtoto wa mchungaji. Denny alianguka akiwa na miaka kumi na mmoja, mbele ya wenzake wote, akalia mpaka kamasi. Baba yake alimnunia Arvid msimu mzima wa kulungu. Mwakani mtoto alirudi na akafaulu, na baba akaja mlangoni kwa Arvid na paja la kulungu, bila neno, akaliweka juu ya ngazi na kuondoka.

"Mwalimu!" Denny alisema. "Nilisikia umempiga saratani ngumi."

"Walimpiga wao. Mimi nililala tu."

"Si haba. Na mama yuko wapi?"

"Garini. Anasema unanuka."

"Ana haki yake." Denny alijinusa begani. "Haya, tunatafuta nini?"

Arvid alimweleza kwa maneno machache: ya mitego, nyepesi kiunoni, ya vidole ambavyo haviko kazini. Denny hakumpa pole, na Arvid alimshukuru kwa hilo kimoyomoyo, kama shukrani ilikuwa bado imo humo. Alitandika kitambaa juu ya kaunta, akatoa bastola tatu kabatini, akaweka maganda yaliyokwisha kutumika kwenye matundu ya kila moja, kwa sababu bastola ya risasi za ukingoni haifyatuliwi tupu. Nyundo yake ya nyuma hugonga chuma na kukiharibu. Kila moja aliionyesha wazi, akampa kwa mpini. Arvid naye aliichungulia upya, ganda kwa ganda, ingawa alikuwa ameshaona. Huko hakuna anayeudhika kwa hilo. Anayeudhika hajafunzwa.

Ya kwanza ilikuwa ya fedha, nyepesi kama kijiko.

"Hii wanaipenda akina mama," Denny alisema.

"Basi wape akina mama."

Aliivuta. Silinda ilianza kuzunguka, ikafika nusu, ikakwama. Arvid alikitazama kidole. Kidole hakikuwa na la kusema.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi, na Denny aliisifu sana: mtutu mrefu, matundu mengi, haipati kutu hata ukiisahau bwawani. Arvid alivuta kwa kidole kimoja, kisha kwa viwili, kama msichana anayefungua chupa ya soda.

"Kwa viwili inakubali," Denny alisema kwa upole.

"Kwa viwili hata mlango wa benki unakubali. Lete ile."

Ile ya tatu ilikuwa ya mtindo wa kizamani. Haijivutii nyundo yenyewe. Unaivuta wewe kwa dole gumba, inasimama nyuma na kulia tiki, na baada ya hapo kifyatulio ni cha kugusa tu. Arvid aliivuta nyundo. Aliiona ikisimama. Akaminya huku akitazama, na nyundo ikaanguka juu ya ganda. Akarudia. Mara ya tatu uso wake ulikuwa umesogea karibu na chuma kama wa mtengeneza saa.

"Hii naiona," alisema. "Zile nyingine zote zilitaka nizihisi."

"Mwenye macho haambiwi tazama," Denny akasema, akacheka, na Arvid akacheka pia, akashangaa kusikia sauti yake. Kicheko kile hakikuwa furaha, lakini kilikaa mahali ambapo furaha hukaa. Alijiona kwenye kijito, asubuhi, barafu nyembamba pembeni. Alijiona amebaki mtu yule yule.

Nyuma ya duka kulikuwa na kilima cha udongo, meza ya mbao, na gogo lililopangwa makopo ya bia na maharage. Denny haruhusu mtu anunue kabla hajapiga, na huo ni uungwana wake. Waliweka vizuia sauti masikioni. Arvid alijaza risasi moja moja kupitia kijilango cha ubavuni. Mbili zilimponyoka zikaanguka kwenye majani, na Denny aliinama akaziokota, akazirudisha mezani kana kwamba zilikuwa za kwake.

Arvid alivuta nyundo, akalenga, akapiga. Kopo la maharage liliruka. Akashusha pumzi, kama alivyofanya siku zote, akavuta nyundo tena, akalenga, akapiga. Kopo la bia likafuata.

"Wee! Mwalimu! Yamekukosea nini?"

Akashusha pumzi. Akavuta nyundo. Akaanza kuinua mkono, mtutu ungali chini mbali na kopo, na bastola ikalia.

Udongo uliruka hatua chache mbele ya meza. Hakuna aliyeumia, kilima kilikuwa mbele, Denny alikuwa pembeni, kila mtu alikuwa mahali pake isipokuwa kidole kimoja. Arvid alitazama chini. Kidole kilikuwa ndani, kimejikunja juu ya kifyatulio. Lakini kiliingia lini? Nyundo iko juu, mbele ya macho. Kidole kiko ubavuni, chini, na kwa miaka sitini hakuwahi kukitazama, kwa sababu alikuwa anajua kilipo.

Aliilaza bastola mezani, mtutu kilimani, akarudi nyuma hatua moja.

"Hizi za nyundo ni laini mno," Denny alisema haraka. "Usijali kabisa. Springi hiyo. Nitaibadilisha, Jumatano ukija itakuwa kama mpya."

"Kidole changu kilikuwa wapi?"

"Nilikuwa natazama makopo, Mwalimu."

Uongo ule ulikuwa mtamu, na Denny aliutoa kwa heshima yote, kama mtu anayempisha mzee kiti. Arvid alikuwa na nafasi ya kukaa. Angesema vizuri, Jumatano angeichukua bastola, na Jumapili angekuwa kijitoni. Alisimama akiitazama nafasi hiyo. Alingoja aibu imshike, kama unavyongoja damu irudi kwenye mguu ulioulalia, lakini haikuja. Yaliyokuja yalikuwa tu yale aliyokuwa akiyasema kwenye chumba cha chini cha kanisa, Jumanne hadi Jumanne, kwa sauti ambayo haikuhitaji moyo ili itoke.

"Denny. Nakuuliza mara ya pili."

Denny alivua vizuia sauti vyake. Alivizungusha mkononi. Pande lile la mtu lilikuwa limerudi kwenye umri wa miaka kumi na mmoja.

"Ndani," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipovuta nyundo. Na ile ya pili pia."

"Na ukanyamaza."

"Ningekuambiaje wewe?"

"Kama nilivyokufundisha. Unasema 'weka chini,' mtu anaweka chini. Hata akiwa nani."

"Najua."

"Ulikuwa umesimama karibu. Ungeweza kuipata ile risasi mguuni."

"Najua, Mwalimu. Samahani."

"Usiniombe samahani. Mimi ndiye niliyeanguka mtihani." Arvid alisema hivyo kwa sauti kavu, kama anayesoma tangazo la mazishi ya mtu asiyemjua. "Na mimi sirudi mwakani. Vidole hivi mwakani vitakuwa hivi hivi."

Mlango wa gari ulibamizwa upande wa mbele. Irja alikuja akizunguka duka, kitambaa cha kufuma bado mkononi, uzi ukimfuata ardhini kama mkia. Aliwatazama, akaitazama bastola mezani, akautazama udongo uliotoboka.

"Ya tatu imetoka mapema," alisema.

Mwanamke aliyemsikiliza mwanamume mmoja akipiga makopo nyuma ya ghala kwa miaka arobaini na kitu haulizi anachokijua tayari.

"Haya," alisema. "Ndiyo hii uliyoichagua?"

"Ndiyo."

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri sana. Kwa mtu mwingine."

Irja alimkabidhi Denny kitambaa chake na sindano, akasogea mezani. Aliichukua bastola, mtutu kilimani. Alifungua kijilango, akazungusha silinda tundu kwa tundu, akatoa maganda, akatoa na risasi zilizobaki, akachungulia, kisha akachungulia tena. Kidole chake kilikuwa kimenyooka ubavuni mwa chuma, sawasawa kama rula. Wanaume wawili walikitazama kama ambao hawajawahi kuona kidole.

"Nani kakufundisha?" Arvid aliuliza.

"Nani? Kila Jumanne nimekaa kule nyuma nikiwakaangia wanafunzi wako maandazi, nikiwapa kahawa wazazi wao. Ulidhani sina masikio?" Alimgeukia Denny. "Na wewe mtoto wa Pelkola, siku ulipolia nani alikupa maandazi matatu?"

"Ni wewe, mama."

"Basi nipe risasi. Na hivyo vya masikioni, kama umevifuta."

Ya kwanza alikosa kopo na gogo lenyewe. Ya pili ilikosa kopo, ikapata gogo. Alilitukana gogo kwa Kifini, lugha ya wazee wake aliyoitumia kwa matusi na sala tu. Ya tatu ilipata kopo pembeni, nalo likazunguka, likafikiri, likaanguka. Irja aliiweka bastola mezani, akanyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Jumatatu nakwenda polisi kwa sherifu kuomba kibali changu cha bastola," alisema. "Denny, iweke pembeni. Usimuuzie mtu, hata akikupa ng'ombe. Na ala yake ya ngozi, ila mkanda uwe mdogo. Mimi nina kiuno."

"Ulisema mitego itaning'inia," Arvid alisema.

"Nilisema ukikosa unayoimudu. Umekosa. Mimi sijakosa. Twende, pasti zinapoa."

Asubuhi ya kwanza waliyotoka, theluji ilikuwa imeanguka kidogo, ya kufunika nyayo za jana. Irja alijifunga mkanda juu ya koti, akautazama msitu, akamtazama mumewe. Arvid alikuwa amebeba gunia la mitego. Miguu yake ilikuwa imeanza kwenda mbele kwa mazoea. Ikasimama.

"Anayebeba ndiye hutangulia," Irja alisema. "Au imebadilika?"

"Haijabadilika."

Akampisha. Hakuwahi kuliona koti lile kwa nyuma. Lilikuwa na kiraka cha bluu chini ya bega, na yeye hakuwahi kujua kwamba lilichanika. Irja alitembea upesi kuliko alivyotarajia, bega moja mbele, akizijua kona zote. Walivuka kijito. Barafu nyembamba ilikuwa pembeni, kama alivyoiona akilini kule dukani, na Arvid aliitazama na hakupata lolote. Aliitazama tu. Alifikiri kwamba labda ndivyo itakavyokuwa hadi mwisho, kwamba atapita katikati ya vitu vyake vyote kama mgeni anayeonyeshwa nyumba.

Kisha wakaingia kwenye misonobari michanga, pale njia inapobana. Irja alisukuma tawi kwa kifua akapita, na tawi likarudi likamchapa Arvid usoni, theluji, miiba na yote, kuanzia sikio hadi mdomo.

Liliuma. Liliuma kwelikweli. Alisimama, mkono shavuni, na mkono haukuhisi kitu lakini shavu lilihisi, likawaka moto, na ndani ya moto ule akaona michubuko yote ya mashavuni mwa mkewe, msimu baada ya msimu, na maji yakimwagwa juu ya mawe ya sauna, na yeye akicheka.

"Irja," aliita.

Mbele yake mkewe alisimama bila kugeuka, kidole kimenyooka juu ya ala, kama inavyotakiwa.

"Umeliona hilo?" aliuliza. "Liko jingine hapo mbele, kubwa zaidi. Lile hupiga jichoni."

Arvid alitaka kusema vizuri. Kilichotoka ni kilio, cha ghafla, kibaya, cha mtoto aliyeanguka mtihani mbele ya wenzake, na hakuweza kukizuia wala kukificha.

Irja alimwacha alie kwa kitambo. Kisha akatangulia, na alipofika kwenye lile tawi kubwa alilishika kwa mkono, akalizuia, akamngoja apite.